Ngozi ya Viganja: Ajali Mbili za Pikipiki na Miezi Iliyokuwa Kati Yake

Mimi ni afisa ugani, au bibi shamba kama wakulima wangu wanavyoniita, katika wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Bila pikipiki kazi yangu haiendi. Kuanguka kwenye matope ya masika nimezoea, hata sihesabu tena, lakini ajali za kuhesabu ni mbili. Ya kwanza nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, na ilinifanya nilishwe na kuogeshwa kama mtoto kwa wiki tatu. Ya pili ilikuwa kwenye lami, mwendo wa 60, na ilinivunja mfupa. Lakini asubuhi yake nilishika kikombe cha uji kwa mkono wangu mwenyewe. Ninaandika kwa ajili ya hicho kikombe.

Ajali ya kwanza ilikuwa Juni 2021. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na juzi yake greda lilikuwa limepita kuchonga barabara. Anayeendesha kwenye vumbi anajua kwamba barabara iliyotoka kuchongwa inaweza kuwa mbaya kuliko yenye mashimo. Changarawe hulala juu kama punje za mahindi sakafuni, tairi halipati pa kushika. Mkulima mmoja alinipigia simu kwamba kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, ameingia shambani kwake. Wanaolima nyanya wanaelewa simu ya namna hiyo haisubiri kesho. Kutoka kwangu hadi kwake ni kilomita nne. Nikasema ni hapo tu, nikatoka nilivyokuwa: sketi ya kitenge juu ya taiti, sweta, sandozi miguuni, na kofia ngumu ambayo sikuifunga mkanda.

Niseme kidogo kuhusu kofia ile, maana kina dada wengi wataikuta habari yao humo. Niliinunua kwa shilingi 25,000 nikiwa nimesuka rasta nene. Siku hiyo dukani ilinikaa vizuri. Nilipofumua rasta ikaanza kucheza kichwani, nikigeuza shingo inabaki nyuma. Klipu ya mkanda ilikatika baada ya miezi michache, nami nikaendelea kuivaa hivyo hivyo kwa sababu trafiki hakuwahi kunisimamisha. Ilikuwa kichwani, sheria imetimizwa, basi. Sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba kofia ya kumridhisha trafiki na kofia ya kukulinda vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Kwenye kona moja inayoteremka nikawaona ng'ombe wawili wanavuka. Nikakamata breki ya mbele huku usukani umekunjwa. Hilo ndilo kosa. Kwenye changarawe, ukiwa ndani ya kona, breki ya mbele inaliondoa tairi chini yako kabla hujajua limeondoka. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, pikipiki ikiwa imenyooka. Nililijua hilo kwa kuambiwa, lakini vidole vilifanya vilivyozoea.

Mikono ilitangulia. Hakuna anayeiamuru, inatangulia yenyewe. Kofia ilitoka kabla kichwa hakijafika chini, watoto waliiokota kwenye shamba la mahindi ng'ambo ya mtaro. Kidevu kikapiga barabara, kisha goti, kisha nikawa nimekaa katikati ya njia nikiangalia viganja vyangu. Vilikuwa vyeupe. Havikutoka damu mara moja. Ngozi yote ya chini ya vidole ilikuwa imekunjamana upande mmoja kama ganda la kitunguu, na mahali pake palijaa mchanga mwekundu. Damu ilikuja baadaye, ikitokea kwenye vitundu vidogo vidogo, kama jasho.

Watu walifika haraka, na Mungu awabariki, ila msaada mwingine ulikuwa wa kuumiza. Kijana mmoja alifungua tangi la pikipiki akasema petroli inaua wadudu, nami kwa kuchanganyikiwa nikamnyooshea mikono. Sitaeleza maumivu yale. Nesi aliniambia baadaye kwamba petroli inaunguza nyama iliyo wazi, na kwamba sukari, majivu na majani aliyokuja nayo mama mwingine yangeongeza uchafu juu ya uchafu. Kinachotakiwa ni maji safi mengi, kitambaa safi, na safari ya hospitali. Basi.

Tulifika hospitali bila PF3, kwa sababu hakuna aliyekumbuka. Kwa majeruhi wa ajali fomu hiyo ya polisi itaulizwa, kwa hiyo ndugu mmoja akimbilie kituoni kuichukua wakati wewe unaendelea kuhudumiwa. Mtu wangu alilazimika kurudi njia ile ile tuliyotoka.

Kisha wakaanza kuosha. Mchanga ulioingia kwenye nyama hautoki kwa kumwagiwa maji, unasuguliwa kwa brashi. Nesi alinieleza sababu, na namshukuru kwa kunieleza: ukiachwa, ngozi hufunga juu yake, na alama nyeusi ya bluu hubaki maisha yote kama chale. Pengine na usaha ndani. Alisugua kiganja kimoja, akanipumzisha, akasugua cha pili. Nikachomwa sindano ya pepopunda, nikashonwa nyuzi sita kidevuni. Jino la mbele lilikuwa limevunjika nusu, nami nilikuwa sijaligundua.

Nilirudi nyumbani mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye ncha za vidole. Mfupa hata mmoja haukuvunjika. Kila aliyekuja kunipa pole alisema nina bahati. Ni kweli, lakini niliyokuwa nayapitia ndani ya nyumba hawakuyaona. Mama yangu mdogo alisafiri kutoka Mafinga kuja kukaa nami. Alinifungulia mlango, akanifunga khanga, akanimega ugali na kunitia mdomoni. Alinisafisha chooni. Nina shahada, nina miaka 34, nina mtoto, na kila asubuhi nilikuwa namwita mama mdogo kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie naitia nini. Binti yangu alikuwa na miaka miwili. Alikuwa anakuja na mikono juu anataka kubebwa, nami naweka mikono yangu nyuma ili asiiguse, na yeye hakuelewa. Siku ya tatu aliacha kuja kwangu, akawa anamwendea bibi yake. Hilo liliniuma kuliko brashi.

"Ajali haina kinga," wageni walikuwa wakisema wakiaga. Ni msemo wetu, unasemwa kwa huruma, na nimeusema mimi mwenyewe kwenye vitanda vya wengine. Lakini tabibu aliyekuwa akinibadilishia bandeji aliniambia jambo jingine. Aliniuliza nilivaa nini siku ile. Nikamwambia. Akasema, "Dada, ungevaa hata zile glavu nene za kubebea tofali, wiki hii ungekuwa kazini."

Nililibeba neno hilo nyumbani. Glavu za kubebea tofali zilikuwa zikiuzwa shilingi elfu tatu.

Nilipopata nafuu nikapiga hesabu kwenye daftari. Matibabu yenyewe kadi ya bima ya afya ililipa sehemu kubwa. Hizi ndizo zilizotoka mfukoni: gari la kukodi siku ya ajali 50,000, bandeji na dawa za kununua nje 60,000, jino 180,000, matengenezo ya pikipiki 70,000 (leva ya klachi, kioo, indiketa), nauli na matumizi ya mama mdogo 80,000, na vibarua wa kunihudumia shamba langu la nyanya kwa muda ambao sikuweza kushika bomba la dawa, 200,000. Jumla 640,000. Kwa kuanguka kilomita 30 kwa saa, nikiwa njiani kwenda hapo tu.

Halafu kuna kosa la karatasi. Nilikuwa kazini, naenda kwa mkulima. Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na unahusu wafanyakazi wa serikali na wa sekta binafsi pia. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi. Mimi sikuripoti ofisini kama ajali ya kazini. Niliomba ruhusa ya ugonjwa kimya kimya kwa sababu niliona aibu kuulizwa kuhusu sandozi na mkanda. Usifanye hivyo. Toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi siku zile zile, weka nakala ya PF3 na karatasi zote za hospitali. Aibu yangu ilinigharimu hela ambayo ilikuwa haki yangu.

Vifaa nilivinunua kimoja kimoja kwa muda wa miezi saba, kwa mshahara ule ule. Nilianza na glavu. Wengi watakwambia uanze na kofia, na kama huna kofia ya maana kabisa wana haki, anza nayo. Mimi nilianza na glavu kwa sababu viganja vilikuwa bado vyekundu na nilikuwa na hofu ya kushika usukani. Nilipata za ngozi, zenye gamba gumu juu ya vifundo vya vidole na kipande cha ngozi ya pili chini ya kiganja, pale karibu na kifundo cha mkono panapopiga kwanza. Shilingi 25,000. Kitu cha kuangalia ni mkanda wa kifundoni. Glavu isiyofungwa inavuka ikiburuzwa, na ikivuka umebaki mikono mitupu.

Kofia nilitaka kujua kwanza inapimwaje. Kofia zenye alama ya Ulaya, ECE 22.05 au ile mpya zaidi ya 22.06, zina kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu chenye herufi E na namba ndani ya duara. Stika ya nyuma inaweza kubandikwa na yeyote, kitambaa kilichoshonwa ni vigumu zaidi kukighushi. Katika vipimo vya 22.05, kofia yenye kichwa bandia ndani hudondoshwa kwenye chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 27 kwa saa. Niliposoma hivyo nilikata tamaa, nikaona ni mwendo wa baiskeli. Baadaye nikaelewa kwamba kinachopimwa ni namna kichwa kinavyoshuka chini, mwendo wa pikipiki ni habari nyingine. Kichwa kikianguka kutoka urefu wa mita moja na nusu kinagonga ardhi kwa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki imesimama kabisa. Kwa hiyo ile "naenda polepole" haikilindi kichwa chako kama ulivyodhani. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, waliokusanya tafiti nyingi mwaka 2008 walikuta kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kinachofanya kazi ndani ya kofia ni lile povu gumu jeupe, kama la kufungashia televisheni. Linabonyea badala ya ubongo wako, na likishabonyea halirudi. Ndiyo maana kofia iliyopata ajali haivaliwi tena hata kama kwa nje inang'aa, na ndiyo maana mimi siamini kofia za mtumba. Hujui imeanguka mara ngapi. Dukani, funua kitambaa cha ndani ubonyeze kwa kidole gumba. Ukikuta sponji laini inayozama hadi kwenye plastiki, umeshika bakuli. Yangu ile ya 25,000 ilikuwa bakuli.

Nilichukua ya kufunika uso mzima, shilingi 160,000, na nilikaa nayo kichwani dukani kwa muda mrefu hadi muuzaji akachoka. Mashavu lazima yabanwe. Ukitikisa kichwa, ngozi ya uso iende pamoja na kofia. Ukiishika kwa nyuma na kuivuta kuja mbele, isivuke. Mkanda uingize vidole viwili tu kati yake na kidevu. Kuhusu nywele: nilienda nimesuka twende kilioni, mistari myembamba iliyolala, na tangu hapo huo ndio msuko wangu wa kazini. Anayetaka rasta nene anunue kofia yake akiwa na nywele atakazoendesha nazo siku zote, vinginevyo moja kati ya viwili itabidi iachwe nyumbani.

Koti nilipata Mashine Tatu, Iringa mjini, mtumba, ngozi halisi, 45,000. Tofauti na kofia, koti la mtumba halina tatizo, mradi mishono iwe mizima. Geuza upindo uangalie upande wa ndani: ngozi ya mnyama ina manyoyamanyoya, ile ya bandia ina kitambaa kilichogandishwa. Kwa baridi ya Kilolo halikunisumbua hata kidogo. Najua wa Dar au Tanga watasema joto, na wana haki kulalamika. Kwao kuna makoti ya wavu mgumu yenye kinga kwenye viwiko na mabega. Kinga za viwiko na magoti, seti ya vipande vinne, ziliagizwa Kariakoo zikaja kwa basi, 40,000. Mwisho nikanunua buti zenye chuma mbele, 55,000. Jumla yote 325,000, karibu nusu ya ile 640,000.

Watu walinitazama. Mkulima mmoja mzee alinipokea kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, ya mashaka, akaniuliza kama nimehamia jeshini. Mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani nami nikapata, na mafunzo niliyowapa vijana wawili wapya wa ofisini yalianza na kuvaa kabla ya kuwasha.

Ajali ya pili ilikuwa Februari 2023. Nilikuwa natoka Ilula kuelekea Iringa mjini kwenye barabara kuu, ile ya malori ya Zambia. Mvua ilikuwa imekatika, lami bado inang'aa. Pikapu yenye matenga ya nyanya ilikuwa inakuja upande wa pili, ikakata kulia mbele yangu kuingia gulioni. Dereva alisema hakuniona, na namwamini. Pikipiki ni nyembamba, na mtu anayetafuta nafasi ya gari haioni. Nilikuwa nimewasha taa mchana lakini sikuwa nimevaa rifleta juu ya koti jeusi. Shilingi elfu tano ile niliiahirisha mara tatu.

Nilikamata breki zote mbili, pikipiki imenyooka, mwendo ukapungua kiasi fulani. Halafu tairi la mbele likaingia kwenye ubavu wa pikapu, karibu na tairi lake la nyuma. Nakumbuka nyanya hewani. Nakumbuka sauti ya kofia ikisaga lami, mbele ya mdomo wangu, kama mtu anaparuza sufuria kwa msumari. Mikono ilikuwa imetangulia tena.

Nilipotaka kuinuka, sauti ikasema, "Tulia dada, usinyanyue shingo." Alikuwa kijana wa bodaboda. Alipiga magoti nyuma ya kichwa changu, akashika kofia pande zote mbili, akawakataza watu wawili waliokuwa wamenikamata kwapani kunivuta. Akanisemesha muda wote. Alisema alifundishwa kwenye semina ya huduma ya kwanza. Jambo hili naomba kila msomaji alichukue hata kama hapandi pikipiki: majeruhi anayepumua na kuongea usimvue kofia kwa pupa, usimkunje, usimtupe kwenye bajaji. Shingo ikiwa imeumia, ni wewe unayeweza kumaliza kilichoanzwa na ajali. Kofia inavuliwa kama hapumui au anatapika na hewa haipiti, na hata hapo wawe watu wawili: mmoja ashike shingo na taya kutoka chini, mwingine avute kofia taratibu.

Hospitali walikuta mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, umevunjika. Nilikuwa nauliza swali lile lile, pikipiki iko wapi, kila dakika chache, nikiambiwa nasahau. Walinipiga picha ya kichwa, ikatoka safi, wakanilaza usiku ule kuniangalia. Daktari alinieleza kwamba kofia haizuii ubongo kutikisika kabisa ndani ya fuvu. Kichwa kiliniuma karibu wiki mbili, mwanga ukinisumbua, na nilikuwa nalia bila sababu. Hayo yalipita. Mkono wa kushoto ulining'inizwa shingoni kwa wiki sita.

Jioni ile mama mdogo alipiga simu, nesi akaniwekea sikioni. Hakuuliza nimevunjika wapi. Aliuliza, "Mikono?"

Nikamwambia ipo.

Akanyamaza muda, kisha nikasikia anapumua. Kesho yake asubuhi walileta uji, nikanyoosha mkono wa kulia nikashika kikombe. Kilikuwa cha moto, nikauhisi ule moto kwenye kiganja chote. Nilikaa nacho hivyo kabla ya kunywa.

Vifaa vyenyewe niliviangalia siku niliyoruhusiwa, viko kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Glavu ya kulia ilikuwa imelika hadi kwenye bitana, pale pale chini ya kiganja. Kofia ilikuwa imesagika kidevuni hadi plastiki imegeuka unga, mahali ambapo miaka miwili nyuma palikuwa na nyuzi sita. Kiwiko cha koti kilichanika na gamba la kinga chini yake lilikuwa na mifereji unayoweza kuingiza ukucha. Buti ilikuwa na mchubuko mrefu juu ya kifundo. Goti ndilo halikusalimika. Kinga zangu za magoti zina mkanda mmoja, na ule wa kulia ulilegea nikiwa nateleza, ukazunguka kuelekea pembeni. Jinzi ilipasuka kama karatasi. Nilikuwa naiamini jinzi kwa sababu ni nzito mkononi, lakini kwenye lami haikunisaidia kitu. Kidonda cha goti kilioshwa kwa brashi ile ile, nami nilimwambia nesi aendelee tu, naijua.

Safari hii niliripoti ofisini siku ya pili kwa maandishi, PF3 ilishachukuliwa, na madai ya fidia yakapokelewa. Yalichukua muda na kufuatilia kwingi, ila yalilipwa. Gharama za mfukoni zilikuwa nyingi kuliko mara ya kwanza, nisidanganye, maana mfupa ni mfupa, na kofia na glavu ilibidi ninunue upya. Lakini sikuhitaji mtu wa kunisafisha. Nilimsuka binti yangu kwa mkono mmoja na meno, mistari ikapinda, akaenda shule ya awali hivyo hivyo.

Nilirudi kwenye pikipiki mwezi wa nne baada ya ajali. Wiki ya kwanza nilikuwa nasimama kila nikiona gari linawasha indiketa ya kulia, na bado moyo hunipiga nikifika pale gulioni. Rifleta ninayo. Kioo cha kofia mpya nimekiacha cheupe, kwa sababu cheusi usiku ni hatari, na nakiosha kwa maji na kitambaa laini ili vumbi lisikikwaruze. Nikipanda bodaboda ya mtu nabeba kofia yangu mwenyewe, mafuta na jasho la abiria wengine ni sababu moja, lile povu nisilolijua ni sababu kubwa zaidi. Bado natafuta kinga za magoti zenye mikanda miwili, mmoja juu ya goti na mmoja chini. Nimemwagiza dereva wa basi, kasema Ijumaa.